Mwambieni Mtoto Kiasi Kabla ya Kwenda Kuona Vyuo

Mzazi mwenzangu uliyehamia Marekani juzijuzi, mtoto akifika darasa la 11 barua za vyuo zitamiminika, zenye picha za majani mabichi na wanafunzi wanaocheka. Kabla hamjapanga safari ya kuona kampasi hata moja, kaeni mkubaliane: kila mwezi, kwa miaka 4, tunaweza kutoa kiasi gani na kodi ya nyumba isilale?

Anzeni kwa kutoa zile fedha mnazotuma nyumbani Afrika. Hapa ndipo familia zetu hukwama. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa vyuo, hutazama kipato cha miaka 2 nyuma na watu mnaoishi nao. Haina mahali pa kuandika dawa za mama aliyeko Kisumu wala ada ya mpwa aliyeko Tanga. Kwa hiyo itawaona mna uwezo kuliko mlio nao. Mnaweza kuiandikia ofisi ya msaada wa fedha ya chuo mkaambatisha risiti, kwani maofisa wake wana mamlaka ya kurekebisha hesabu. Lakini hawalazimiki, basi msiijengee bajeti huruma yao.

Juu ya kiasi chenu ongezeni mkopo wa serikali anaoweza kuchukua mtoto mwenyewe kama ana green card (kibali cha ukaazi wa kudumu): hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, kisha 7,500 kila mwaka. Jumla ni 27,000 kwa miaka 4. Mkopo wa benki unaomtaka mzazi asaini dhamana mimi siuhesabu kabisa. Na harambee? Itanunua tiketi na mashuka. Muhula wa sita hakuna atakayechanga.

Sasa fungueni tovuti za vyuo. Tangu 2011, kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi wa shahada kinatakiwa kuweka kikokotoo cha gharama: unajaza kipato, kinakukadiria utakachobaki kulipa baada ya misaada isiyorudishwa. Majibu yatawashangaza. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, haidai chochote kwa familia nyingi zenye kipato cha dola 100,000 kushuka chini, huku chuo cha umma cha jimbo jirani kikiwatoza ada ya wasio wakazi wa jimbo lake na kuwapa msaada kiduchu. (Kuingia Harvard ni habari nyingine.) Mwenye teksi au duka lake asikiamini sana kikokotoo, apige simu aulize.

Linganisheni jibu na kiasi chenu mkiwa na mtoto palepale. Najua kwetu fedha za wakubwa hazisemwi mbele ya watoto. Hili liwe tofauti, maana asipoambiwa sasa ataambiwa Aprili, barua ya kukubaliwa ikiwa mkononi na fulana ya chuo mwilini, na hapo hamtaelewana.

Vinavyobaki kwenye orodha ndivyo vya kutembelea, pamoja na chuo cha jamii kilicho karibu, ambako anaweza kusoma miaka 2 akilala nyumbani kisha ahamie chuo kikuu cha jimbo. Kama kimojawapo kiko mbali, ulizeni kwanza ofisi ya udahili: vyuo kadhaa huwalipia nauli na malazi wanafunzi wa kipato cha chini wanaokuja kuvitembelea.