Kanisa jirani linataka kujipanua: yaliyotukuta mtaani kwetu Tanga

Mleta uzi, umesema kanisa la mtaani kwenu limenunua nyumba ya jirani, linataka kuibomoa, liunganishe viwanja na kupandisha ukumbi wa ghorofa, na nyie majirani hamtaki. Nusu ya waliochangia hapo juu wamekwambia mkusanye saini, nusu wamekuita mdini. Mimi niko Tanga, upande wa Nguvumali, na jambo hilihili limetupitia, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Saini zisubiri. Kaone mchoro kwanza.

Kwetu kuna vijana waliotangulia na barua ya saini, imejaa habari za makelele, mikesha na kukemea mapepo usiku. Mtendaji wa mtaa aliisoma akawarudishia. Akasema Katiba, Ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu, na ofisi yake haipokei barua inayolalamikia imani ya mtu. Tatizo barua ilikuwa imeshazagaa kwenye makundi ya WhatsApp na waumini wameisoma. Kuanzia hapo ukinyoosha mkono kikaoni, kabla hujafungua mdomo watu wanataka kujua unaswali au unasali.

Na wala ugomvi wenyewe haukuwa huo. Aliyekuwa mkali kupita wote ni muumini wa kanisa lilelile, mama wa kwaya, nyumba yake imepakana na kiwanja kilichonunuliwa. Ukuta wa ukumbi ulikuwa unakuja kusimama mbele ya dirisha lake la chumbani. Huyo utamwita mdini?

Mwenyekiti wa mtaa alimwomba mchungaji alete michoro. Tukaitandaza kwenye benchi pale ofisini, pembe moja imekandamizwa na kufuli, nyingine na kikombe cha chai. Sisi wanaume tumeshupaa na ghorofa, ngazi, madirisha. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma akaweka kidole kwenye kiduara kidogo pembeni.

"Mchungaji, mwanangu, hiki nini?"

"Hilo karo la vyoo, bibi."

"Na kisima changu kiko wapi hapa?"

Kisima hakikuwepo kwenye mchoro, maana kiko upande wa pili wa mpaka na mchoraji alichora cha mteja wake tu. Mchungaji akatoka naye, wakapima kwa hatua kutoka ukutani, akarudi akasema, "Karo litahama." Hakubishana hata kidogo. Jambo ambalo barua nzima ya vijana haikulipata, bibi kalipata kwa kidole.

Sasa upande wa taratibu, maana hapa ndipo wengi mnapigwa chenga. Kuna vitu vitatu tofauti. Kuunganisha viwanja ni idhini yake. Kugeuza kiwanja cha makazi kuwa cha ibada ni idhini nyingine, na vyote viwili viko chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kibali cha ujenzi nacho kinatoka halmashauri peke yake. Mtu akikutolea hati miliki kwa mbwembwe usitishike: hati inaonyesha kiwanja ni chake, na humohumo imeandikwa matumizi yaliyoruhusiwa. Nenda kwa afisa mipango miji na namba ya kiwanja na kitalu, uliza maombi yamefika wapi. Kama bado hayajaamuliwa, peleka pingamizi lenu kwa maandishi wagonge muhuri kwenye nakala yenu. Kama msingi umeshachimbwa bila kibali, halmashauri wana rangi yao nyekundu, watakuja kupiga X.

Kilichotupa nguvu kuliko vyote ni maji. Kile kiwanja kilikuwa na minazi na uwanja wa mchanga, masika ikinyesha maji yanazama palepale. Mchoro ukakizibia chote kwa pevingi ili magari yaegeshwe. Hayo maji yaende wapi? Njia yetu haina mtaro, na nyumba za chini zinaingiliwa na maji hata bila ukumbi. Tukaandika hivyo, tukaambatanisha picha za masika iliyopita, nakala moja tukapeleka TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kuwa barabara za mitaa ziko chini yao. Hakuna aliyeweza kusema ni chuki ya dini, maana maji hayaulizi mtu dhehebu lake.

Kelele tuliziweka mstari mmoja tu: kanuni za mazingira za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, spika zielekee ndani. Basi.

Mchangiaji mmoja hapo juu kauliza mbona misikiti haiulizwi. Kwetu iliulizwa. Msikiti ulipotaka kusogeza sehemu ya kutawadhia, swali lilikuwa hilohilo la maji yanaelekea wapi, na wazee wa msikiti walijibu. Hilo lilitusaidia sana mbele ya mchungaji.

Mkishindwana kabisa, pitieni baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukufika huko na sikushauri ukimbilie, kesi ya ardhi inakula hela na ujirani pia.

Usitarajie kanisa lihame. Letu limejengwa, ghorofa iko palepale. Ila ukuta umerudi nyuma, mama wa kwaya anapata upepo wake, karo liko upande wa mbele, na nusu ya eneo la magari imebaki mchanga. Jumapili njia bado inaziba, wageni wa harusi ndio kabisa hawasikii la mtu. Hilo tunaendelea kulipigia kelele.

Na kama mkutano wenu wa mtaa umeitishwa Jumapili asubuhi, ombeni mwenyekiti auhamishe. Mnaotaka kuongea nao watakuwa ibadani.