Barua kwa mwanangu: nakshi ya sitaha

Mwanangu Zuhura,

Sisi hatujambo, magoti ya mama yako yametulia. Picha za kayaki yako, huo mtumbwi mwembamba unaouunda kwa fito za mbao, nimezitazama mpaka simu ikazima. Mwerezi mwekundu wa huko British Columbia, Kanada, una rangi ya kupendeza. Umeniuliza kama sitaha uipambe kwa nakshi za milango ya Mji Mkongwe, yale maua na minyororo uliyokulia ukiniona nayachonga.

Hapana, mwanangu. Uzuri wa nakshi ile ni kivuli kinachoingia patasi ilipopita, na mlango una unene wa kustahimili. Fito zako zina milimita 6 tu. Ukizichonga utakidhoofisha chombo. Ukiyapaka rangi maua hayo, yatakosa kina. Kwenye mlango azima kitu kimoja, mfaa, ule mti wa katikati mbao mbili zinapokutana. Ufito mweusi wa mjozi upite katikati kutoka omo hadi tezi, ukatike penye tundu la kukalia tu, na pande mbili zioane kama mbao za mlango mmoja.

Mengine jifunze kwenye mkeka wa bibi yako. Hakuwahi kuchora ua juu ya mkeka uliokwisha. Alisuka ukili kwa chane nyeupe na zilizochemshwa rangi, akijua tangu mwanzo nyekundu itatokea wapi ukili ukishonwa kwa ukili. Kayaki ya fito ni kazi hiyo hiyo. Chora nusu ya sitaha kwenye karatasi uliyoilaza juu ya mbao zenyewe, maana sitaha imebinuka na mchoro wa mezani utakudanganya, kisha igeuze upate nusu ya pili. Ufito wa kushoto na mwenzake wa kulia utoke ubao mmoja, ili nyuzi za mti zifanane.

Halafu keti ndani utazame. Ukiwa umekaa chini hivyo, umbo lililo mbele yako hufupika. Hivyo vipande vya umbo la kashata unavyotaka kuvitia kwenye nakshi, virefushe zaidi ya unavyodhani vinafaa. Viweke mbele tu, nyuma uache mbao tupu. Bibi yako mkeka uliojaa rangi kila mahali alikuwa anaufumua.

Kabla ya gundi, pangusa kila ufito kwa kitambaa chenye maji. Rangi utakayoiona ukiwa umelowa ndiyo iliyo karibu na itakayobaki chini ya epoksi, ile gundi angavu ya kufunika mbao. Fito mbili zinazotofautiana zikiwa kavu huweza kulowa zikafanana, na nakshi yako yote ikapotea. Juu ya epoksi paka vanishi ya kuzuia jua.

Na barakoa uvae, nakusihi. Vumbi la mwerezi huo huwapa maseremala pumu, nawe kifua chako tunakijua tangu utotoni.

Nitumie picha uliyopiga ukiwa umeketi humo. Mkeka wa bibi bado upo, kesho nitauanika uani nikupigie picha juani.

Baba yako