Obama wa 2008 alikuwa na sera kweli?

SWALI: Jamani washkaji zangu wananiambia Obama 2008 alishinda kwa maneno matamu tu ya mabadiliko, sera hakuwa nazo. Ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, sera alikuwa nazo tena za kupimika. Kwenye kodi alisema familia yenye kipato chini ya dola 250,000 kwa mwaka haitapandishiwa, na Iraki alitaka vikosi vya mapigano vitoke ndani ya miezi 16.

Ila kasome ya bima ya afya, maana hapo ndo penyewe. Kwenye mchujo wa chama chao cha Democratic, mpinzani wake Hillary Clinton alitaka kila mtu alazimishwe kuwa na bima, Obama akagoma, akasema ulazima uwe kwa watoto tu, watu wazima hawana bima kwa sababu ni ghali. Halafu sheria aliyosaini Machi 2010 ikaja na ulazima uleule, usipokuwa na bima ulikuwa unapigwa faini, mpaka faini hiyo ya serikali kuu ilipoondolewa 2019! Mimi naona alifanya sawa kubadilika, kwa sababu ukizilazimisha kampuni za bima zipokee wagonjwa wote huku wenye afya wakikaa pembeni wakisubiri waugue kwanza, bei lazima ipae, lakini wapiga kura walistahili kuambiwa hivyo mapema.

Na Guantanamo, lile gereza la Marekani kule Kuba la washukiwa wa ugaidi, je? Alisaini amri Januari 2009 ifungwe ndani ya mwaka, Bunge likazuia wafungwa wasihamishiwe Marekani, akaondoka 2017 gereza bado lipo.