Bandua Shashi Uone: kwa interni wapya wa wadi ya upasuaji

Wadogo zangu, juzi kwenye raundi nimekuta faili limeandikwa "kidonda kisafi" siku tatu mfululizo, miandiko tofauti, maneno yale yale. Nikabandua. Shashi ni ile ile ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, imegandana na ngozi, na harufu ikatupokea kabla ya macho. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alinakili ya mwenzake wa jana. Nawapenda, lakini mnanizeesha.

1. Saa 48 za mwanzo zikipita, mshono wa tumbo uonwe kila siku. Na macho yako, si ya mwenzako.

2. Usaha hautibiwi kwa dripu. Hapa nina deni. Nilipokuwa interni tulimfanyia laparotomi, yaani upasuaji wa kufungua tumbo, mzee aliyetoboka utumbo, tumbo limejaa uchafu. Siku ya nne mshono ukawa mwekundu, wa moto, ukiubonyeza unabonyea. Nilijua la kufanya: toa nyuzi kadhaa, usaha upate njia. Sikutoa. Bosi alikuwa ameushona kwa madaha, nami nilimwogopa bosi kuliko usaha. Nikabadilisha antibiotiki, nikaandika "tuendelee kuangalia", nikaenda kula. Siku ya saba nesi akaniita: shuka limelowa maji mepesi ya rangi ya waridi, hayanuki. Nikafurahi! Afadhali, si usaha. Nikaongeza shashi, nikabandika plasta pana. Kumbe maji yalikuwa yanatoka ndani ya tumbo. Fashia, ule utando mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo, imeshaachia, iliyoshika ni ngozi tu. Alfajiri mzee akakohoa, utumbo ukamwagika juu ya shuka. Nami kwa kuhamaki nikanyoosha mkono niurudishe. Nesi akanizuia, akaufunika kwa shashi safi zilizoloweshwa salini (maji ya chumvi ya hospitali) ya uvuguvugu, akasema, "Daktari, piga simu thieta." Mzee alipona, baada ya upasuaji wa pili na wiki nyingi kitandani. Mpaka anaruhusiwa alikuwa akiniita "mwanangu", na hilo lilinichoma kuliko makaripio yote ya bosi.

3. Sampuli ya maabara ni usaha wa ndani, si ule uliokaukia juu.

4. Homa ya siku ya kwanza mara nyingi si ya kidonda. Lakini mgonjwa akilia maumivu yasiyolingana na mshono, ngozi ikigeuka zambarau, ukigusa unasikia vipovu vya hewa vikipasuka chini ya vidole, usingoje asubuhi. Hiyo nyama inaoza kwa saa, si kwa siku, na dawa yake ya kwanza ni kisu. Mwamshe bosi. Atafoka, mwache afoke akiwa njiani kuja.

5. Antibiotiki ya kinga iingie ndani ya saa moja kabla ya kuchana ngozi. Nywele zikilazimu kuondolewa, tumieni mashine ya kukatia, maana wembe huacha michubuko ambamo vijidudu hujipatia makazi. Nikimkuta mtu na wembe wadini, tutaonana.