Muziki wa tamthilia: nyimbo tamu hazitoshi

Mwenzetu wa Nakuru ameuliza ni nini hasa huufanya muziki wa tamthilia ya nyimbo uwe bora, maana kikundi chake kina nyimbo kumi tamu na bado mchezo unadorora. Ndugu, naona shida yenu iko papo hapo kwenye utamu. Mimi hupigia kinanda vikundi vya vijana hapa Kisumu na kuwatungia nyimbo za jukwaani, kwa hiyo nitasema ya huko.

Wimbo wa kwaya unaweza kuisha palepale ulipoanzia na hakuna atakayelalamika. Kwenye mchezo haiwezekani. Mhusika akianza kuimba hajaamua, amalize ameamua, au amedanganya, au amepoteza kitu. Nikipewa mswada huwa naukata wimbo kwa penseli, kisha nasoma onyesho linalofuata. Nikielewa kila kitu bila huo wimbo, ulikuwa pambo tu, hata kama unachezesha ukumbi mzima.

Lakini hilo ni jukumu la mwandishi wa maneno pia. Kazi ya muziki wenyewe ni kukumbuka. Katika tamthilia ya nyimbo Les Misérables, Fantine yuko kitandani anakufa, anamwimbia mtoto wake ambaye hayupo. Baadaye sana Éponine anatembea usiku akimwimbia kijana ambaye hayuko naye wala hampendi. Maneno ni mengine, mahadhi ni yale yale. Hakuna anayesimama kukueleza kwamba wanawake hawa wanafanana. Sikio limekwisha kukuambia.

Mtunzi Leonard Bernstein alikwenda mbali zaidi katika tamthilia ya West Side Story (1957). Mnaosoma tonik solfa, imbeni do, fi, so. Ile fi, yaani fa iliyopandishwa nusu hatua, ni kero, haitulii mpaka ipande so. Jina la Maria, msichana anayependwa, linaimbwa hivyo, limejaa mapenzi. Wimbo wa genge linalojizuia lisilipuke kwa hasira, "Cool", nao unaanza hivyo hivyo. Kwa hiyo hata wakati wa furaha una wasiwasi usiojua umetoka wapi.

Sisi tulilijaribu jambo hili kwenye mchezo kuhusu wauza samaki wa Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, na ile biashara ya jaboya, mvuvi anapodai mwili wa mwanamke ndipo ampe samaki. Mwanzoni mama anambembeleza bintiye kwa mahadhi mafupi, orutu, fidla ya Waluo ya uzi mmoja, ikimfuata. Karibu na mwisho binti, sasa mtu mzima, yuko mbele ya mwenye mashua wakipatana. Haimbi. Anaongea tu, na orutu peke yake inapiga ule wimbo wa kubembeleza. Akina mama waliokaa mbele wakaanza kuuimba wenyewe! Mwelekezi alitaka kuwanyamazisha, nikamwambia awaache.

Kuhusu ala, ile midundo iliyohifadhiwa ndani ya kinanda izimeni. Inafanya matanga na harusi viende mwendo mmoja. Nyatiti moja, nyuzi nane na pete ya chuma ya kidole cha mguu inayogonga ubao, inakupa ngoma na mahadhi kwa mchezaji mmoja. Mkipata isukuti, ngoma ya Waluhya, kutoka Kakamega, wekeni mahali pamoja tu, maana ikishalia hakuna mwigizaji atakayesikika.

Halafu mkazo. Kiswahili kwa kawaida huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Noti ndefu ikikalia silabi nyingine, watu wa nyuma hawalipati neno. Wengi hukopa mahadhi ya kigeni, wakayashindilia maneno, kisha wakalaumu vipaza sauti.

Katika hizo nyimbo zenu kumi, mimi ningetupa hata nne, nafasi yake nikarudisha vipande vya zilizobaki. Anzeni na wimbo wa kwanza wa mhusika mkuu: tafuteni mahali atakapourudia akiwa hayaamini tena maneno yake.