Nyumba ya nyasi ya Uingereza inadumuje karne tano? Jibu la fundi aliyeko Devon

Mkuu aliyeanzisha uzi kaweka picha ya nyumba ya Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, iliyoko Shottery karibu na Stratford, akauliza: nyumba hii inasemwa ni ya mwaka 1463, je, manyasi yale ni ya kweli au pambo la watalii? Na kama ni ya kweli, mbona makuti yetu yanachoka baada ya miaka michache tu?

Ni ya kweli, mkuu. Mimi nakarabati kuta za udongo huku Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na waezekaji tunakutana kwenye nyumba zilezile, wao juu, mimi chini.

Kwanza, ile ya Shottery haikuwa nyumba ya maskini. Ilikuwa nyumba ya shamba, ikiitwa Hewlands Farm, na leo ina vyumba kumi na viwili. Sehemu yake kongwe ilikuwa ukumbi mmoja, wazi kuanzia sakafu hadi paa, uliobebwa na magogo ya mwaloni yaliyopinda tangu mtini, yakisimamishwa mawili mawili hadi yakutane kileleni. Katikati ya magogo kuta zilijazwa fito na kukandikwa udongo, kazi ambayo wengi humu tumeiona kijijini. Moto ulikokwa sakafuni na hapakuwa na dohani, moshi ukajitafutia njia kupitia nyasi. Dohani na sakafu ya juu viliingizwa baadaye. Ndiyo maana nyumba nyingi za aina hii zina ngazi za ajabu na vyumba vilivyobanana: vimechomekwa ndani ya ukumbi ambao haukujengwa kwa ajili yake.

Moshi ule umetuachia hazina huku Devon. Juu ya dari za nyumba za kale za shamba bado lipo tabaka la kwanza la mabua, jeusi kwa masizi, lililowekwa zama za kati na halijaondolewa hadi leo. Wataalamu wamekuta ndani yake masuke ya ngano na nafaka nyingine, hata magugu ya mashamba ya enzi hizo. Nimepanda kwenye dari kama hizo na kuyashika mabua hayo kwa mkono wangu, na sijui kitu kingine katika kazi hii kinachonipa heshima kubwa kwa waliotutangulia.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Mwezekaji hafumui paa lote. Anachambua lile ganda la nje lililooza, kisha anafungia miganda mipya juu ya ile ya zamani, akiibana kwa vijiti vya mti wa hazel vilivyokunjwa kama pini. Mapaa mengine yamenenepa hivyo hadi yakapita mita moja. Kwa hiyo nyasi unazoziona kwenye picha si za 1463. Matete ya majini hukaa miaka 40 au zaidi, mabua ya ngano yaliyochanwa vizuri kama nywele 25 hadi 35, na mgongo wa paa unafanywa upya kila baada ya miaka 10 hadi 15. Mteremko ni mkali, karibu nyuzi 50, hivyo mvua inalowesha sentimita chache za juu na kuchuruzika. Makuti yetu ni tabaka jembamba, tena yanapigwa na jua kali na kuliwa na mchwa, usiyalaumu. Shida ya waezekaji huku ni mabua yenyewe. Mashine za kisasa za kuvuna zinayavunja, na ngano za siku hizi ni fupi, kwa hiyo wapo wakulima wanaopanda aina ndefu kama Maris Widgeon kwa ajili ya waezekaji tu.

Sasa kuta, ambako ndiko roho yangu iliko. Devon wanajenga kwa udongo uliokanyagwa pamoja na majani makavu na maji, bila tofali wala fomu za mbao. Tabaka moja linapandishwa, linaachwa likauke, ndipo linafuata lingine. Unene ni sentimita 60 hadi 90. Wenyeji husema ukuta huo unataka kofia nzuri na viatu vizuri: nyasi zinazotokeza mbali juu, na msingi wa mawe chini. Nyumba ya Hayes Barton alikozaliwa Walter Raleigh, yule mpelelezi wa baharini wa Kiingereza, karne ya 16, imejengwa kwa udongo huo na bado imesimama.

Kinachoziua kuta hizi ni saruji. Katika karne ya 20 watu walizipiga plasta ya saruji wakidhani wanaziimarisha. Udongo unavuta unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanapenya kwenye nyufa na hayatoki. Nimeona ukuta uliosimama karne nyingi ukilowa kwa ndani hadi ukageuka tope na kuporomoka upande mzima, huku plasta nje ikionekana safi kabisa. Dawa ni kubandua saruji yote, kuacha ukuta ukauke taratibu, kujaza kwa udongo na kupaka chokaa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa kule Mji Mkongwe Zanzibar nazo zinaumizwa na saruji kwa njia hiyohiyo. Inaniuma kuona fundi anaambiwa aharakishe badala ya kuacha ukuta ukauke.

Aliyeuliza kama kweli zamani ng'ombe walilala nyumba moja na watu: ndiyo. Higher Uppacott, pale Dartmoor, nyanda za juu za hukuhuku Devon, ni nyumba ndefu ya karne ya 14. Ujia unaikata katikati, watu upande wa juu wa mteremko, mifugo upande wa chini ili mkojo utiririkie nje. Zizi lake limebaki karibu kama lilivyokuwa.

Moto ni hatari ya kweli. Ile ya Shottery yenyewe iliungua vibaya mwaka 1969 ikajengwa upya. Kwa hiyo bima ni ghali. Na nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, huibadilishi bila kibali. Anayefikiria kununua atafute mkaguzi anayejua udongo na chokaa, na ampeleke kwanza penye plasta ya saruji, akapime unyevu hapo kabla ya kuzungumza bei.