Maswali na Majibu: Sura yako kwenye chapa ya mbao

SWALI: Nimeipenda chapa ya msanii Mjerumani Erich Heckel ya mwaka 1919, aliyojichora mwenyewe uso ukiwa wa kijani. Nami nimechonga sura yangu kwenye plaiwudi nikapiga chapa nyeusi. Nikipaka rangi ya maji, weusi unachuruzika na uso unageuka tope. Nakosea wapi? Na mbona nywele nilizochana kushoto zimetokea kulia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Brashi yako haina kosa, kosa ni wino. Wino wa kawaida wa maji hulowa tena ukiguswa na rangi ya maji, hata ukikaa mwezi mzima. Tumia wino wa mafuta. Usubiri siku 5 hadi 7. Huko kwenye unyevu wa pwani, zipe hata 14. Kisha bonyeza pamba yenye maji kwenye kona nyeusi. Ikitoka safi, endelea.

Wakati wa kupaka wino, sikiliza rola. Mlio mwepesi kama mchanga unaomiminika ndio kipimo. Ikinatanata kwa kelele, wino umezidi: mafuta yatavuja kandokando ya mistari na kuacha ukingo wa manjano unaokataa rangi ya maji.

Karatasi nayo ina neno. Ile nyembamba hupokea chapa vizuri ukisugua kwa mgongo wa kijiko, lakini ikilowa hukunjamana, na rangi husambaa kama chai kwenye kitambaa. Chukua karatasi laini ya rangi ya maji, gramu 200 hivi kwa mita ya mraba, ilowanishe kidogo kwa sponji dakika 10 kabla ya kuchapa, kisha sugua kwa nguvu. Siku ya kupaka rangi, ibane kingo zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi juu ya ubao. Anza na rangi nyepesi, tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabisa. Jaribu kwanza kwenye nakala zilizoharibika, usizitupe kamwe.

Sasa mtazame Heckel kwa makini. Rangi zake zimelala mapande mapana. Hazijaribu kuviringisha shavu, maana kazi hiyo imeshafanywa na patasi. Alikuwa ametoka Flanders, huko Ubelgiji, alikohudumia majeruhi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kijani kile ni uchovu, si ngozi. Basi chagua rangi kwa hali ya moyo, na acha weupe wa karatasi uonekane mahali. Wengi huziba kila tundu, na sura inakufa.

Iko njia nyingine: kupaka rangi kwenye ubao wenyewe. Mwaka 1910, kwa chapa ya Fränzi, msichana aliyekuwa akimchora, akiwa amelala, Heckel aliukata ubao kwa msumeno, vipande vikapakwa wino mweusi na mwekundu, vikaunganishwa na kuchapwa pamoja, mbinu aliyoitumia msanii wa Norwei, Edvard Munch, kabla yake. Mipaka hutoka mikali, ila kila nakala inadai kupakwa upya.

Kuhusu nywele: kama ulichora ubaoni moja kwa moja kutoka kwenye kioo, hujakosea. Kioo hukugeuza, chapa hukurudisha, na sura inayotoka ndiyo wanayoiona watu wakikutazama. Ukichora kutoka kwenye picha ya kamera, ndipo ugeuze mchoro kwanza: unakili kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, uipindue, ndipo uuhamishie ubaoni.